Gemu ya utotoni imekuwa mbovu? Tafuta kasoro iko wapi kabla ya kuihukumu

Mtu anaikumbuka gemu aliyoicheza kwenye kivinjari miaka kumi na tano iliyopita. Anaitafuta, anaipata, anacheza dakika nne, kisha anatoa hukumu: kumbe ilikuwa takataka. Hukumu za namna hiyo nimezitoa mwenyewe, na nyingi imenibidi kuzifuta. Ukiifungua gemu ya zamani leo, kizimbani wamesimama watatu: gemu yenyewe, mashine inayoiendesha, na wewe ambaye si mtoto tena. Lawama humwangukia wa kwanza, ilhali wa pili ndiye mwenye kosa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kwa hiyo tutaanza na mashine. Kuipima gemu kabla hujaifufua vizuri ni kumlaumu maiti kwa kutocheza ngoma. Kama yako inafunguka na inatii vitufe, ruka hadi sehemu inayozungumzia kasi. Hapo ndipo wengi hukamatika.

Mahali pa gemu pana kisanduku kitupu

Sehemu kubwa ya gemu za kivinjari za miaka ya 2000 zilitengenezwa kwa Flash, teknolojia ya michoro na gemu iliyofunguliwa na programu-jalizi, yaani kiongezi cha kivinjari. Kampuni ya Adobe iliirithi Flash ilipoinunua kampuni ya Macromedia mwaka 2005. Julai 2017 ikatangaza kwamba itaiacha, ikaiacha rasmi tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 matoleo ya mwisho ya programu-jalizi yenyewe yakagoma kuonyesha chochote. Ukiona alama ndogo ya duara lenye herufi "i", umekutana na kufuli hiyo.

Usihangaike kutafuta Flash Player uisakinishe upya. Vivinjari vya leo havina hata mahali pa kuichomeka, na ukikuta tovuti inakuomba upakue "Flash Player mpya" ili gemu ifunguke, chukulia kuwa ni mtego. Marehemu hatumi barua.

Dawa ya kwanza ni Ruffle, programu inayoiga Flash ndani ya kivinjari bila kuhitaji chochote cha Adobe. Newgrounds, tovuti ya gemu na katuni, wanaitumia. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, nao waliitegemea walipoanza kukusanya gemu na katuni za Flash Novemba 2020. Tovuti isiyokuwa nayo unaweza kuisaidia mwenyewe kwa kuiweka Ruffle kama kiendelezi cha kivinjari chako.

Bado kisanduku ni kitupu? Basi hakikisha gemu yako ilikuwa ya Flash kweli. Utotoni tuliita kila kitu Flash, kama vile kila sabuni ya unga inavyoitwa kwa jina la ile iliyotangulia sokoni. Angalia mwisho wa jina la faili. Flash ni .swf. Ukikuta .dcr hiyo ni Shockwave, ndugu mwingine kabisa, ambaye Adobe ilimzika Aprili 2019. Ukikuta .unity3d hiyo ni Unity Web Player, na hiyo ilipoteza makazi Chrome ilipouziba mlango wa zamani wa programu-jalizi Septemba 2015. Ukikuta .jar au .class hiyo ni Java, ambayo hata gemu ya RuneScape ilianzia humo mwaka 2001. Ruffle haigusi hata moja kati ya hizo tatu.

Kwa hizo kuna Flashpoint, mradi wa uhifadhi ulioanzishwa na Ben Latimore, wenye zaidi ya gemu na katuni laki moja. Unaisakinisha kwenye kompyuta, unatafuta jina, unacheza. Flashpoint ina matoleo mawili: moja hupakua kila gemu pale unapoihitaji, jingine hubeba ghala zima na linadai zaidi ya terabaiti moja ya nafasi. Chukua la kwanza. La pili ni la watu ambao kukusanya kwenyewe ndiyo gemu yao.

Kuna dalili nyingine inayochanganya: gemu inafunguka, menyu inaonekana, kisha inaganda au mchezaji wako anatoweka. Jambo la ajabu ni kwamba hili huzipata zaidi gemu mpya kuliko za zamani. Flash ilikuwa na injini mbili. Ya kwanza iliendesha ActionScript 1 na 2, matoleo ya lugha iliyotumika kuandika gemu za Flash; ya pili ilikuja na ActionScript 3 mwaka 2006. Ruffle imeiiga ya kwanza karibu kikamilifu, lakini kwenye ya pili bado ina mapengo. Ndiyo maana gemu ya 2004 inaweza kuwaka kama taa wakati ya 2011 inakohoa. Ikikohoa, ihamishie Flashpoint, ambako inaendeshwa na Flash yenyewe badala ya mwigaji.

Inapakia, inapakia, haifiki

Mstari wa kupakia ukikwama kwenye sifuri, au ukaonyesha "NaN%" mahali pa namba, gemu inasubiri kitu ambacho hakipo tena. Gemu nyingi zilikuwa faili moja, na hizo ndizo zilizookoka kirahisi. Nyingine zilikuwa faili mama dogo linaloita wenzake kutoka kwenye seva: picha za hatua ya pili, muziki, maelezo ya maadui. Aliyeihifadhi akichukua mama akawasahau watoto, unabaki na mlango usio na nyumba. Tafuta nakala nyingine, na safari hii Flashpoint iwe ya kwanza kuliko tovuti yoyote, kwa kuwa wahifadhi wake hujaribu kukusanya familia nzima.

Wakati mwingine kinachosubiriwa ni tangazo la biashara. Kampuni ya Mochi Media iliwapa watengenezaji matangazo ya kuweka mwanzoni mwa gemu pamoja na huduma ya kutunza orodha za washindi, kisha ikafungwa mwaka 2014. Nyingi ya gemu zake zinasubiri kidogo, zinakata tamaa, zinaendelea. Zipe nusu dakika kabla ya kuondoka.

Na kuna gemu inayokuambia waziwazi kwamba imeibwa, na kwamba uende kwenye tovuti yake halali. Tovuti hiyo pengine ilikufa zamani. Mtengenezaji aliifundisha gemu kusoma anwani iliyomo na kugoma ikiwa si ile anayoijua, kwa sababu kipindi kile kila mtu alikuwa akinakili gemu za mwenzake. Flashpoint huiambia gemu kwamba iko nyumbani, nayo inaamini.

Zile zilizoishi ndani ya seva hazina tiba. Club Penguin ilifunguliwa Oktoba 2005 na kufungwa Machi 2017. FarmVille ilianza Juni 2009 na kuzimwa siku ileile Flash ilipozimwa. Hata ukiwa na faili zote zilizokuja kwenye kompyuta yako, akili ya gemu ilikuwa upande wa pili: nani ana nini, shamba limeota kiasi gani, rafiki yupo chumba gani. Watu hujenga seva za kuigiza, na baadhi ni kazi ya kupendeza, lakini ukicheza humo unaihukumu kazi ya wajenzi hao. Sema hivyo unapotoa maoni.

Vitufe haviitikii, au sauti haipo

Bofya mara moja ndani ya gemu. Kivinjari hakiipelekei vitufe mpaka kijue unacheza nayo, na ndiyo maana vishale vinasogeza ukurasa badala ya mchezaji. Sauti nayo ni hivyohivyo: tangu 2018 Chrome huzuia sauti inayojianzisha yenyewe, kwa hiyo inangoja mguso wako. Kwenye simu, gemu iliyotaka vishale na kitufe cha nafasi haina jinsi. Vitufe vya kuchorwa kwenye skrini vinasaidia gemu za taratibu na kuziua za kuruka. Usihukumu gemu ya kuruka ukiwa umeshika simu.

Imekuwa ngumu kuliko nilivyoikumbuka

Hii ndiyo dalili ninayoipenda kuliko zote. Unaifungua gemu uliyoimaliza ukiwa shule ya msingi, na sasa hata hatua ya tatu huivuki. Unajisemea vidole vimezeeka. Huenda. Lakini pima kasi kwanza.

Flash iliendesha mambo kwa fremu, yaani picha moja baada ya nyingine. Mtengenezaji alichagua idadi ya fremu kwa sekunde: kwa miaka mingi programu ilikuja ikiwa imewekwa 12, na waliotengeneza gemu za vitendo walipandisha hadi 24, 30 au zaidi. Kila fremu ikipita adui alisogea hatua moja, risasi hatua moja, wewe hatua moja. Kompyuta yenye nguvu ilifika kwenye idadi iliyowekwa na kuishia hapo. Kompyuta dhaifu haikufika, na kwa kawaida Flash haikuruka fremu ili kufidia. Ilichelewesha dunia nzima. Gemu ya fremu 30 ilikwenda kwa 14, maadui na vizuizi vyote vikitambaa pamoja. Yaani ulipewa zaidi ya muda maradufu wa kufikiri kabla ya kila kuruka, na hukuambiwa.

Kompyuta tuliyokuwa tukigombania nyumbani ilikuwa ya namna hiyo. Kulikuwa na gemu moja ya kukwepa misumeno ambayo mimi ndiye niliyekuwa bingwa wake, na ubingwa huo niliutumia kudai zamu ndefu kuliko wenzangu. Nilipoifungua tena ukubwani niliamini kabisa nimepata nakala iliyochezewa na wahuni. Nikatafuta nakala tatu kutoka sehemu tatu. Zote faili lilelile. Mwishowe nikalifungua kwenye JPEXS, programu ya bure ya kuchungulia na kuhariri faili za .swf, nikabadilisha idadi ya fremu iliyoandikwa mwanzoni mwa faili kutoka 30 hadi 16. Mikono ikakumbuka kila kitu. Misumeno yote nikaivuka, kwa mpangilio uleule, hata lile kosa dogo nililokuwa nikilifanya kila mara kabla ya mlango wa nne nikalifanya.

Maana yake ni kwamba gemu aliyoitengeneza yule mtu sikuwahi kuicheza. Niliicheza gemu nyingine, laini zaidi, iliyotengenezwa na kompyuta mbovu. Ipi uihukumu? Mimi naihukumu ile ya 30, kwa sababu ndiyo aliyoikusudia mwenyewe, na naandika pembeni kwamba niliyoipenda ni ya 16. (Ile ya 30, kwa taarifa yako, ni nzuri. Ni ya watu wazima.)

Kuna kinyume chake. Baadhi ya watengenezaji hawakuhesabu fremu. Walisoma saa halisi ya kompyuta. Gemu ikikupa sekunde 60 za kumaliza, sekunde hizo zilikimbia kama kawaida hata mchezaji wako akiburura miguu. Gemu ya namna hiyo ilikushinda utotoni, na leo unaimaliza kabla ya muda kuisha. Usitangaze kwamba umekuwa fundi.

Jinsi ya kujua kama ucheleweshaji unao hata sasa, kwenye simu au kompyuta ndogo: sikiliza muziki. Muziki ukienda kwa mwendo wake wa kawaida huku kila kitu kwenye skrini kikiburura, mashine inazidiwa. Shusha ubora wa picha, funga vichupo vingine, jaribu tena. Kama umeunganisha televisheni, tafuta kwenye mipangilio yake hali ya kuchezea gemu, kwa kuwa televisheni nyingi huchelewesha picha zikiipamba, na sehemu ndogo tu ya sekunde inatosha kukuangusha shimoni.

Picha ni mbaya, au ni nzuri kupita kumbukumbu

Uwanja wa kawaida wa Flash ulikuwa pikseli 550 kwa 400. Kwenye skrini ya leo hiyo ni stempu. Bahati nzuri michoro mingi ya Flash ilihifadhiwa kama mistari na mikunjo, ambayo inakuzwa bila kuharibika, kwa hiyo jaza skrini bila woga. Kinachoharibika ni picha zilizoingizwa kama pikseli: mandhari za picha halisi, nembo, nyuso. Ukiona mchezaji safi amesimama mbele ya ukungu, sababu ndiyo hiyo.

Mshangao mzuri huwapata waliokuwa na kompyuta dhaifu. Tulizoea kubofya kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua ubora wa chini ili gemu isikwame, na picha tunazozikumbuka ni za kingo zenye meno. Fungua Fancy Pants Adventures ya Brad Borne, ya 2006, kwa ubora wa juu uone jinsi yule jamaa wa mistari anavyokimbia na suruali yake. Miondoko yake bado inanifanya nitabasamu, na sijui ni gemu ngapi za leo zenye bajeti kubwa zinazoweza kusema hivyo.

Maandishi yakitoka nje ya visanduku vyake au yakionekana ya ajabu, gemu ilitegemea fonti ya kompyuta ya enzi hizo. Ni kasoro ya mapambo. Endelea.

Nimekufa bila kuguswa

Sasa tumefika kwenye makosa ya gemu yenyewe, na hili ni la kweli. Njia rahisi kabisa ya Flash ya kuuliza kama vitu viwili vimegusana ililinganisha mistatili isiyoonekana inayovizunguka, na haikujali umbo lenyewe. Mwiba wenye ncha ya pembetatu ulikuwa na mstatili mzima wa mauti, pamoja na zile pembe mbili za juu ambazo machoni ni hewa tupu. Mtengenezaji makini aliandika hesabu zake mwenyewe. Metanet waliotengeneza gemu iitwayo N mwaka 2004 walifanya hivyo, na ndiyo maana ninja wake anateleza kwenye miteremko na kupenya upenyo mwembamba kwa namna unayoweza kuiamini. Wavivu walitumia mstatili.

Utotoni tulizoea. Tulijua mwiba huu unaua kwa mbali, tukaruka mapema, tukadhani ndiyo ufundi. Ukirudi leo na macho mapya unaona uonevu, na uko sahihi kuuandika.

Inafanya kazi vizuri, lakini nimechoka baada ya dakika kumi

Swali la kwanza: ulikuwa unaicheza kwa muda gani wakati ule? Gemu hizi ziliandikwa kwa ajili ya mtu aliyebakiza robo saa kabla ya kipindi kwisha, au anayechungulia mlango asikutwe. Kuchoka baada ya dakika kumi huenda ni gemu kumaliza kazi yake. Nimejifunza kuzicheza kama zilivyochezwa, kidogo leo na kidogo keshokutwa, na kadhaa nilizozifukuza zimerudishwa.

Si zote. Kuna kundi zima linaloishi kwa maboresho: unacheza, unapata sarafu, unanunua injini bora, unacheza tena umbali mrefu zaidi. Motherload ya 2004 ni babu wa kundi hilo kwangu. Unachimba chini ya uso wa Mars, unapanda kuuza madini, unajaza mafuta, unanunua tangi kubwa, unarudi shimoni. Saa ya kwanza bado ni tamu, kwa sababu kila safari ina hofu ya mafuta kuisha ukiwa chini na kila mita ni uamuzi. Baadaye hofu inaisha na inabaki ajira. Kipimo changu kwa gemu za aina hii ni kujiuliza: ningenyang'anywa duka, ningeendelea kwa ajili ya kile ninachokifanya na mikono? Nyingi ambazo tuliziona hazina mwisho wa utamu hujibu hapana papo hapo.

Gemu za kutoroka chumbani nazo zimeumia. Crimson Room ya Toshimitsu Takagi, ya 2004, ilizungushwa dunia nzima, na niliiona kama uchawi. Nikiicheza leo, sehemu kubwa ya muda wangu inakwenda kubofya kila kona mpaka kitu kijitokeze. Ukimya wa kile chumba bado unanisisimua. Fumbo lenyewe halinisisimui tena, na hapa sina mashine ya kuisingizia.

Zinazosimama imara, nikizitazama pamoja, zina wazo moja lililokazwa. Desktop Tower Defense ya Paul Preece, 2007: hakuna njia ya maadui iliyochorwa, minara yako yenyewe ndiyo kuta za njia, kwa hiyo kila mnara ni silaha na uchongaji wa barabara kwa pamoja. Bado nasahau chakula jikoni. Canabalt ya Adam Saltsman, 2009: kitufe kimoja, paa baada ya paa, mwendo unapanda, unajikwaa makusudi kwenye maboksi ili upunguze kasi. QWOP ya Bennett Foddy, 2008: Q na W ni mapaja, O na P ni mashavu ya miguu, na mwanariadha anaanguka kwa heshima zote. QWOP niliidhania utani wa dakika mbili. Nikiwa mkubwa nikagundua kwamba inajifunzika, na kwamba mita mia zile zinafikika kwa subira. Line Rider ya Boštjan Čadež, 2006, sijui hata kama ni gemu. Unachora mstari, mtu mdogo anateleza na sled yake (kigari cha kutelezea kwenye theluji), unafuta, unachora tena. Haina ushindi, na kwa hiyo haijawahi kuwa na kitu cha kuzeeka.

Kwa nyingine zote natumia swali dogo: nikifa, najua kosa langu? Nikijua, najaribu tena. Nisipojua mara tatu mfululizo, na kasi nimeshaikagua, na vitufe vinatii, basi gemu imehukumiwa.

Hatua zangu zote zimepotea

Kama ile kompyuta ya zamani bado ipo, usiifute. Flash haikuhifadhi maendeleo yako kwenye tovuti. Iliyaandika kwenye faili dogo la .sol ndani ya kompyuta. Kwenye Windows liko ndani ya folda ya AppData, kwa jina la Macromedia, kisha Flash Player, kisha #SharedObjects, kisha folda yenye jina la herufi za ovyo, na mwishoni jina la tovuti. Nakili folda yote. Ruffle ina sehemu ya kusimamia hifadhi hizo ukibofya kitufe cha kulia juu ya gemu, na unaweza kubadilisha ile tupu kwa yako, mradi umeanza gemu na kuhifadhi mara moja ili iwepo ya kubadilishwa.

Elewa tu kwamba Ruffle yenyewe huandika ndani ya kivinjari. Ukisafisha historia na data za tovuti, umeifagia na hifadhi yako. Wengi hulia kwa sababu hii na kuilaumu gemu.

Namkumbuka adui, silikumbuki jina

Jina unalolikumbuka huenda halikuwa lake. Tovuti za kunakili zilibadilisha majina hovyo. Tafuta kwa kitendo na rangi: mpira mwekundu, anaviringika, anatabasamu. Kama unaikumbuka tovuti, iweke kwenye Wayback Machine, ghala la kurasa za zamani la Internet Archive, chagua mwaka uliokuwa ukiitembelea, pitia picha ndogo za gemu mpaka jicho lishtuke. Mara nyingine faili la .swf lenyewe limehifadhiwa humohumo.

Na ukishaipata ikawa haifanani, angalia kama hujaunganisha mbili. Mimi kwa miaka nilikuwa nikitafuta gemu yenye ngome, mizinga na farasi wenye mbawa. Zilikuwa tatu.

Ilikuwa ya wawili, sasa haina ladha

Fireboy and Watergirl ilitoka 2009: mmoja vishale, mwenzake W, A na D, kibodi moja, viwiko vinagongana. Ukiicheza peke yako kwa mikono miwili utaiona ya polepole yenye mafumbo mepesi, na utaandika hivyo, na utakuwa umehukumu nusu ya kifaa. Mafumbo yake ni mepesi kwa sababu ugumu uliwekwa kwenye kumshawishi mtu mwingine asimame juu ya kitufe akusubiri.

Mdogo wangu alikuja, nikaifungua, akachukua vishale bila kuulizwa kama miaka yote. Tulifika hatua ya saba kabla hajaanza kulalamika kwamba mtu wake anagoma kuruka. Nilidhani ni visingizio vyake vya siku zote. Halafu nikaona kweli: mimi nikishikilia W na D, kishale chake cha juu hakifanyi kitu. Kibodi nyingi za bei ndogo hushirikisha waya kati ya vitufe, na mchanganyiko fulani wa vitatu au vinne kwa pamoja kimoja kinamezwa. Gemu haikuruhusu kubadilisha vitufe, na wala huhitaji kuvibadilisha. Chomeka kibodi ya pili kwenye kompyuta ileile. Kompyuta inazisoma zote kama moja, lakini kila moja ina waya zake, na kukwama kunaisha. Viwiko navyo vinapata nafasi, ingawa mdogo wangu bado alisogeza kiti chake karibu.